Klore ya Mlangoni

Kule Baraka, mji wa kando ya ziwa, ukitaka kujua mwanamke ana moyo gani, usimtazame kanisani. Mtazame ziwani asubuhi, bidoni ya maji mkononi, na wenzake wamemtangulia kwenye foleni. Constance aliwajua wote kwa njia hiyo. Alijua nani anasukuma, nani anampisha mjamzito, na nani ana haraka kila siku ya Mungu. Yeye alikaa kwenye kiti cha mbao pale maji yanapoishia, na bomba la sindano lisilo na ncha. Alivuta klore, dawa ya kuua kolera majini, kutoka kwenye ndoo yake na kuisukumia ndani ya kila bidoni iliyotoka ziwani, kisha akasema maneno yaleyale: "Tikisa. Ngoja kwanza. Usinywe njiani."

Walimwita Mama Klore, na hawakumwachia amani.

"Mama Klore, hii dawa yako inaharibisha chai!"

"Kolera nayo inaharibishaka nguo ya ndani. Chagua."

Foleni nzima inacheka, na aliyelalamika anacheka kuliko wote. Pale ndipo harusi zilipopangwa na ugomvi wa uzio ulipoamuliwa. Mwanamke aliyepigwa nyumbani hakuhitaji kusema. Wenzake waliona namna anavyoinua bidoni.

Constance alikuwa na sheria moja tu, na hakuna aliyewahi kuivunja: klore haiendi nyumbani. Inaingia bidoni mbele ya macho yake, basi. Zamani alimpa jirani mmoja kidogo ndani ya chupa, na Jumapili akaliona shati la mume wa yule jirani likimeremeta kama la padri. Tangu hapo, hata ungemlilia, hakupi.

Nyumbani kwake aliishi na watoto, mkubwa wao Vainqueur, pamoja na bibi yao, mama mkwe wake, koko Georgette. Mumewe Norbert alikuwa ameenda Lulimba kuchimba dhahabu, na kilichokuwa kinarudi kutoka Lulimba kilikuwa salamu. Kwa hiyo nyumba ile ilisimama juu ya wanawake wawili. Mmoja alishinda ziwani, mwingine alibaki na watoto. Koko Georgette alikuwa na kifua kibovu. Upepo ukigeuka, alipumua kama mlango wa kutu. Constance alikuwa akimchemshia majani, anamfunika na kitenge juu ya sufuria mpaka kifua kifunguke. Mtu asiyewajua angedhani ni mama na binti wa kumzaa.

Halafu redio ikaleta corona.

Baraka ilikuwa imezoea magonjwa yanayopanda kutoka tumboni. Huu ulisemwa unatoka mdomoni, kwa pumzi, na unawapenda wazee wenye vifua. Makanisa na misikiti vikafungwa, shule zikafungwa, mitumbwi ya ng'ambo ikakatazwa kutia nanga. Ikatolewa amri kwamba kundi la watu ni kosa, na kwamba kila mlango uwe na ndoo yenye robine, kibomba cha kunawia mikono. Watu wa doria walizunguka kuangalia.

Asubuhi moja Anatole, muganga wa kituo cha afya cha mtaa wao, alishuka ziwani, kashene imemfunika mdomo na pua. Aliitazama foleni iliyojipinda mpaka kwenye mashua zilizopinduliwa. Wanawake walikuwa wamesimama bega kwa bega, mmoja anamsuka mwenzake nywele wakingoja.

"Mama Vainqueur," akasema, "hii ni kundi."

"Hii ni foleni, muganga."

"Doria watasema ni kundi." Akavuta kashene ili apumue. "Sikiliza. Mi kolera ninaijua, tumepigana naye. Hii ingine sijaiona na macho. Kama iko hapa, itapita foleni yote mara moja. Kama haiko, tutakuwa tumefunga bure. Mi sijui. We unajua hawa bamama. Unasema nini?"

Constance aligeuka kuwatazama. Alimwona mwanamke mmoja akikohoa kwenye kiganja, kisha akishika bidoni, kisha bidoni ileile ikija kwake. Aliona mkono wake mwenyewe ukiigusa, na mkono huohuo jioni ukimshika koko Georgette mgongoni chini ya kitenge. Pumzi ya Baraka nzima alikuwa anaipeleka nyumbani kwake kila siku, kwa yule asiye na pumzi ya kutosha.

"Tufunge," akasema.

"Na klore?"

Hapo ndipo alipoivunja sheria yake. "Nitawagawia kwa chupa. Kila nyumba itie yenyewe."

Akapita mlango kwa mlango na chupa ndogo. Kila mahali alieleza namna ya kupima kwa kifuniko cha chupa, na kila mahali wanawake walimsikiliza kwa heshima, maana sasa alikuwa anatoa kile alichokataa miaka yote. Jirani yake Rehema, ambaye wote walimwita Mama Nadia kwa jina la binti yake wa pekee, alipokea chupa kwa mikono miwili.

"Leo Mama Klore amelegea! Nifue kanzu ya baba Nadia?"

"Fua uone kama sitakuja na fimbo."

Nadia, aliyekuwa anaanza kung'oka meno ya mbele, alicheka bila kujua kinachochekwa.

Ziwa likawa kimya. Wanawake walichota mmojammoja, haraka, kila mtu mahali pake, hata karibu na pale mtaro wa soko unapomwaga. Constance alibaki nyumbani, akakaanga ndagala, dagaa wa ziwani, za kuuza mlangoni, akamtazama koko Georgette akipumua. Alipumua vizuri. Katika wiki zile alikuwa na nguvu hata za kugombana na Vainqueur kuhusu kuni. Constance alimwambia Mungu asante, na hakuona aibu.

Alipokuwa akipita mitaani, pua yake ilifanya kazi iliyozoea. Kila mlango ulinuka klore. Kwa Rehema ilinuka mpaka barabarani. Akafurahi. "Wananisikia," akamwambia koko. "Wanatia vizuri."

Hakuingia ndani. Amri ilikataza kutembeleana. Angeingia, angeonja maji ya mtungini, na ulimi wake ungemwambia kila kitu.

Kumbe watu wa doria nao walikuwa na pua. Waliinama kwenye ndoo ya mlangoni, wananusa. Maji yasiponuka klore, mwenye nyumba anatozwa faini au anapelekwa kituo cha polisi akakae juani. Na chupa ilikuwa ndogo. Mwanamke aliyekuwa na chupa moja, ndoo mbele na mtungi nyuma, alitia mahali panaponuswa. Walifanya hivyo mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Mikono ya Baraka ikawa safi. Maji ya kunywa yalibaki yalivyotoka ziwani.

Kolera haikubisha hodi. Ilianza nyuma ya soko, ikapanda. Watu waliogopa kwenda kituo cha afya, maana ilisemwa kwamba ukiingia na homa unaandikwa corona na hutoki. Rehema naye aliogopa. Nadia alianza kuharisha kabla ya jua kuchomoza. Mama yake akampa maji ya mchele, akampa maji tena, yaleyale ya mtungini, akangoja. Vainqueur alipokuja mbio kumwita Constance, jua lilikuwa limepanda, na mtoto macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ikivutwa inabaki imesimama.

Constance alimbeba mgongoni mpaka kwenye hema la kolera, lililosimamishwa kando ya kituo cha afya, bila kungoja pikipiki. Walimtundikia serumu, maji ya kuingizwa mshipani. Mshipa ulikuwa umejificha. Walitafuta mkono huu, wakatafuta ule, wakatafuta mguuni. Walipoupata, Nadia hakuwa anauhitaji tena.

Watu wa hema waliupulizia mwili klore, kama desturi ya kolera, kabla ya kuufunga. Klore ambayo haikufika kwenye kikombe chake ilifika kwenye sanda yake. Watu wachache walioruhusiwa walimzika mchana huohuo, na hakukuwa na matanga.

Constance alimrudisha Rehema nyumbani kwake. Kiu ilikuwa imemkamata. Akachota kikombe mtungini, akapiga funda moja, akalishikilia mdomoni. Yalikuwa maji matamu, maji ya ziwa matupu. Akageuka kuutazama mlango, ndoo yenye robine ikinuka mpaka barabarani.

"Mama Nadia. Chupa niliyokupa?"

Rehema alikuwa amekaa chini, miguu imenyooshwa. "Nilitia mulangoni."

"Nilisema ya kunywa."

"Ulisema. Halafu ukaenda. Doria alikuwa anakuja kila siku, Mama Vainqueur. Kolera hakuwa anakuja." Hakupandisha sauti. "We ulikuwa unakaaka pale ziwani unatulazimisha. Juu ya nini uliacha kutulazimisha?"

Constance alikirudisha kikombe juu ya mtungi. Angesema nini? Kwamba alikuwa anamlinda mkwe wake? Mtu hamwambii hilo mwanamke aliyetoka kuzika.

Siku zile alijaribu kupima, kama mtu anayepima unga kwa kopo. Upande huu aliweka Nadia, na wale wa nyuma ya soko. Upande ule alitaka kuwaweka waliookolewa na kufungwa kwa foleni, akakuta hawezi kuwakamata. Aliyekufa ana kaburi, unaweza kulionyesha kwa kidole. Aliyepona kwa sababu hakukutana na ugonjwa hana alama yoyote; anapita sokoni anabishana bei ya mihogo, na yeye mwenyewe hajui. Labda walikuwa wengi. Labda hakuwepo hata mmoja, isipokuwa koko Georgette, na hata yeye labda.

Akaenda kwa Anatole. "Ninafungua foleni."

Muganga alisugua macho, mekundu kwa kukesha hemani. "Kama corona atapita pale, ni sisi wawili."

"Na hii kolera ilipita kwa nani?"

"Kwa sisi wawili," akasema Anatole. "Fungua. Uwapange mbalimbali. Mi nitaongea na doria."

Lililobaki lilikuwa kumwambia koko nyumbani. Lakini koko Georgette alikuwa amekwisha kumsikia usiku akimlilia Mungu. Katika nyumba ya chumba kimoja na pazia hakuna siri.

"Mama Vainqueur, nisikie. We ulifunga ziwa juu yangu?"

"Koko..."

"Usinidanganye, niko na kifua kibaya, masikio iko mazima. Batoto ba bantu banakufa ili mi nipumue? Nitamwambia nini mama ya ule mutoto?" Akafunga kitenge chake. "Unipeleke Fizi, kwa kaka yangu Néhémie. Kule juu hakuna foleni yako. We rudia kazi."

"Fizi kuna baridi, koko. Nani atakuchemshia majani?"

"Niko na mikono."

Walibishana siku nzima, na koko akashinda. Alipanda pikipiki nyuma ya dereva, kitenge kimemfunika mpaka kichwani, kikapu mapajani. Hakugeuka. Watoto walimlilia mpaka vumbi lilipotulia.

Foleni ikafunguliwa. Constance aliweka mawe mchangani, jiwe kwa mtu, na kelele zake ziliwazidi doria. Mzaha haukurudi upesi. Rehema alikuja na bidoni yake, akasimama kwenye jiwe lake, akatiliwa klore, akatikisa, akaondoka.  Alikuja tena kesho yake na siku zilizofuata, na kolera ikaanza kupungua mitaani.

Habari ya Fizi ilishuka na dereva wa pikipiki, foleni ikiwa ndefu na jua bado changa. Dereva alisimama mbali, akavua kofia. Constance aliiona ile kofia, akajua.

"Jana jioni," akasema dereva. "Kifua. Wanazika leo, hawangoji. Mama, tukitoka sasa labda utakuta."

Constance alisimama na bomba mkononi. Aliitazama foleni. Akiondoka, wote wale watachota hivyohivyo na kwenda, maana mtoto mwenye kiu hangoji msiba wa mtu mwingine. Akibaki, koko atafukiwa bila mtu wa nyumbani kwake. Akakaa chini. Akavuta klore. Akatia kwenye bidoni iliyokuwa mbele yake, lakini nusu ikamwagika nje.

Rehema alitoka kwenye jiwe lake. Akapita mbele ya wote, na hakuna aliyepiga kelele.

"Lete."

"Mama Nadia, wewe..."

"Lete sindano. Nimekuona ukitia miaka mingapi? Ninajua kipimo. Enda ukazike mutu wako. Mi wangu nilimuzika."

Walipanda milima kwa kasi, lakini penye kizuizi cha kuingilia Fizi waliwekwa juani kungoja kupimwa homa, na anayepima alikuwa ameenda kula. Constance alipofika, udongo ulikuwa umekwisha kushindiliwa. Néhémie alikuwa anaosha jembe.

"Alikohoa?" Constance akauliza.

"Alikohoa."

"Kukohoa kwa namna gani? Homa ilikuwepo? Alisikia harufu ya chakula?"

Mzee yule alimtazama kwa huruma. "Binti yangu, dada yangu alikohoa tangu tuko watoto. Hakuna aliyempima. Iko ile corona, iko baridi, iko kukukosa we, mi nitajua wapi?"

Aliomba walau alale pale, wamlie koko wao kwa usiku mmoja. Néhémie alitazama barabarani, akasema chifu wa mtaa amekataza, wageni wasilale. Hata hivyo mke wa Néhémie alitandika mkeka chini ya upenu wa nyumba, na Constance akakaa juu yake mpaka jua lilipoanza kuinama, akilia kwa sauti ndogo ili majirani wasisikie.

Kisha akainuka, akaomba maji ya kunawa uso, akamwamsha dereva. Kesho Baraka ingechota maji tena.