Dereva Aliyesimama Mbali na Taa

Alikuwa dereva wa treni ya umeme kwa mwaka wa kumi na moja, mwanamke asiyebembelezwa wala kubembeleza. Ubaya ni kwamba mkaguzi wake alikuwa mume wa mdogo wake, na yeye na shemeji huyo hawakuwahi kuivana hata siku moja.

Waya wa juu unaoilisha treni ile umeme haukuwa mmoja moja kwa moja. Umeme ulitoka mitambo miwili ambayo nyaya zake hazikutakiwa kugusana, kwa hiyo kati yake paliachwa kipande kikavu, kisicho na umeme. Madereva walikiita pengo. Ukikifikia unakata umeme, treni inapita kwa mbio zake yenyewe, ukivuka unawasha. Ukikosa mbio, umekwama humo.

Sasa hao wenye akili zao wakaweka taa hatua chache kabla ya pengo. Kitabu cha kanuni kilisema ikiwa nyekundu, simama karibu nayo. Yeye alisimama mbali, huko nyuma ya daraja, apate pa kukusanyia mbio. Mkaguzi alishampa barua mbili za onyo. Ya tatu ingemtoa kwenye kiti akafagie mabehewa.

Asubuhi hiyo mkaguzi alipanda mwenyewe. Taa ikawaka nyekundu, treni ikasimama nyuma ya daraja.

"Sogea mpaka kwenye taa, shemeji."

"Sisogei."

"Kitabu kinasemaje?"

"Kitabu hakijawahi kukwama."

"Unajifanya unajua kuliko waliosoma."

"Naijua treni. Wewe jua karatasi zako."

"Basi toka hapo nikuonyeshe. Barua yako naiandika tukifika."

Mkaguzi aliwahi kuendesha treni miezi minane, ndiyo hiyo iliyompa kiburi. Dereva akampisha, akasimama pembeni, mikono kifuani.

Mkaguzi akaisogeza hadi puani pa taa. Ikageuka kijani. Akaondoa treni, hajakaa sawa pengo hilo hapo, akakata umeme. Treni ikajikokota, ikajikokota, ikasimama katikati. Feni zikanyamaza. Abiria wakaanza kupiga mlango mateke na kutukana.

"Fanya kitu basi," mkaguzi akasema.

"Kitu gani? Shuka usukume."

Redio ikauliza nani yuko kwenye kiti. Mkaguzi akaifunika kwa kiganja.

"Sema ni wewe. Sisi ni ndugu."

"Ndugu? Zile barua mbili ulimwandikia nani, jirani?"

Dereva akampokonya redio. "Aliyeko kwenye kiti ni mkaguzi. Mimi amenitoa."

Injini ya dizeli ilikuja kuwavuta. Barua ya tatu haikuandikwa, kiti kikabaki chake. Jioni mdogo wake akapiga simu, akamwambia asikanyage tena kwake.

"Sawa," akajibu. "Na mumeo asikanyage treni yangu."