Kibandiko cha Shangazi

Jamani, leo shangazi kacheka! Yeye ni fundi cherehani, na tangu hedhi ianze kukoma, joto linampanda ghafla mpaka jasho linadondokea kitambaa cha mteja. Akizidiwa anatoa mguu kwenye pedeli, anajipepea na patroni, ile karatasi ya kukatia nguo, anashusha pumzi: "Haya, tuendelee." Vidonge vya homoni vilimvuruga tumbo, daktari akambadilishia, akampa vibandiko vya homoni vya kubandika ngozini. Shangazi, kwa uchovu, akabandika kimoja kiunoni, palepale anapoegemea meza ya pasi. Kikabanduka bila yeye kujua, kikang'ang'ania suruali ya mteja aliyokuwa akiipiga pasi, na mteja akaichukua hivyohivyo. Asubuhi alikuwa ameshaniambia, "Na hiki kikinishinda, naacha dawa zote." Mchana mteja, baba mzima, karudi kaivaa. "Fundi, hii plasta makalioni ni fasheni mpya?" Mimi nikajua sasa shangazi analia. Akakitazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, hata dawa imenichoka!" Kisha akampigia nesi, akaambiwa abandike chini zaidi, pasiposuguliwa na nguo. Kabandika kingine, karudi kwenye cherehani na macho mazito vilevile. Ila dawa hajaacha. Tafadhali mtumie mama au shangazi yako hii.