Ratiba ya Maji Iliyofika Kaburini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Lenah Kanana amesimama mbele ya vali kubwa ya chuma nje kidogo ya soko la Mitunguu, na hafungui. Mkononi ana spana. Kwapani ana faili ya chuo, ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni isilowe.

Zamu ya laini ya tatu, bomba linalolisha mashamba kumi na mawili, imeanza dakika tano zilizopita. Sauti ya mwanamume inatoka kwenye migomba: "Profesa! Utatupa maji ama tungoje mvua?"

"Ngoja kidogo, mzee," anajibu. Anatazama paa za nyumba, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu mbuzi. Kisha anaanza kutembea.

Lenah ana miaka thelathini na sita. Ndiye anayefungua na kufunga maji ya wakulima sitini na wanne katika mradi wa wenyeji wa kunyunyizia mashamba. Analipwa shilingi elfu kumi na nne kwa mwezi, na karibu nusu yake huenda chuoni mjini Meru, anakosomea shahada ya usimamizi wa umma na biashara kila Jumamosi. Amebakiza kitu kimoja ahitimu, nacho ni nakala ya mwisho ya utafiti wake. Inatakiwa Ijumaa hii. Utafiti wenyewe ni ratiba ya maji haya.

"Nilifikiri nimemaliza," anasema. "Sasa hata sijui nilichoandika ni nini."

Kabla yake, kazi hii ilikuwa ya Mzee Misheck Kathuri. Aliishika spana hiyo hiyo kwa miaka ishirini na sita. Alivaa koti la mvua hata jua likiwaka, na alipita kwa watu akisalimia kabla ya kufungua. Hakuwa na ratiba. Penye msiba alifunga laini nzima mpaka mtu azikwe, kwa sababu hapa majirani hawashiki jembe kabla ya mazishi. Baadaye aliwarudishia saa zao, kidogo kidogo. Watu walinung'unika pia. Kuna waliosema anapendelea watu wa kanisa lake, na kuna waliosema anawaonea hao hao.

Magoti yalipomshinda, alimpa Lenah spana na kumwambia, "Usikimbie. Maji hayaendi popote bila wewe."

Chuoni Lenah alifundishwa kwamba huduma ya umma haifai kutegemea kumbukumbu wala huruma ya mtu mmoja. Maneno hayo yalimwingia. Akaandika ratiba: kila laini zamu yake kwa mzunguko, leo asubuhi, zamu ijayo mchana, na anayekosa zamu amekosa. Mwenyekiti wa mradi, Elphas Mwongera, akaibandika ukutani. Lenah alipanga kuwaambia wahadhiri kwamba ratiba yake imefuatwa siku tisini bila kuvunjwa.

Siku ya tisini ilikuwa Jumamosi, siku aliyopangiwa kutetea utafiti wake. Ilikuwa pia siku ya kumzika Mzee Kathuri.

Lenah akiwa darasani, mumewe Thuranira ndiye hushika spana. Saa nne alimtumia ujumbe: "Leo si ndio tunazika Mzee? Nifungue laini ya tatu?" Jibu la Lenah bado liko kwenye simu: "Fuata ratiba."

"Sikuwa nimesahau," anasema. "Niliona nikifunga laini ya Mzee, mashamba kumi na moja mengine yatakosa, na mimi nitasimama pale niseme siku themanini na tisa. Sijui kwa nini hiyo moja ilinitisha hivyo."

Saa saba kamili Thuranira alifungua. Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya migomba ya marehemu. Bomba la shamba hilo lilikuwa wazi tangu siku Mzee alipoanguka akinyunyizia, akakimbizwa hospitali. Hakuna aliyekumbuka kulifunga. Jeneza likiwa kwenye kamba, springla nne zilikohoa, zikazunguka, zikaanza kumwaga maji juu ya waombolezaji. Mchungaji aliificha Biblia ndani ya koti. Kina mama walikimbia na viti. Waliokuwa wameshika kamba hawakuweza kukimbia.

"Tulimshusha kwa matope," anasema Elphas. "Na juu hakuna hata wingu."

Karibu saa hiyo hiyo, Lenah alikuwa akipigiwa makofi. Alipata alama themanini na mbili, kwa sharti aeleze katika nakala ya mwisho ratiba itafanya nini jambo la dharura likitokea.

Kikao cha wanachama kilimsubiri. "Soma digrii yako, mama, lakini usiisomee kwa makaburi yetu," mmoja alimwambia. Aliposema ataandika kwamba ratiba isimame penye msiba, wao hao wakakataa.

"Andika hivyo uone," Elphas anasema akicheka. "Hapa mtu atazika shangazi mmoja mara tatu kwa msimu wa nyanya, arudishiwe maji siku anayotaka!"

Mhadhiri wake, Daktari Beth Igoki, mzaliwa wa Embu, alimwandikia pembeni mwa ukurasa: Msiba wa nani? Siku ngapi? Binamu anahesabiwa?

Wiki iliyopita Lenah alichukua sukari akaenda kwa Marcella, mjane wa Mzee.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Wa maji?"

"Wa maji."

"Nilipoyaona nilisema, huyu mzee amekataa kuacha kazi." Marcella alicheka, kisha akalia, kisha akauliza kama sukari ni kilo moja ama mbili.

Lenah alimwuliza Mzee alijuaje penye shida. "Hakuwa anajua," Marcella akamwambia. "Alikuwa anaenda kuangalia. Akiona nyumba haina moshi asubuhi, anaingia kuuliza. Mara nyingi alikosea. Akikosea, anarudi kusema amekosea."

Ndiyo sababu asubuhi hii anatazama paa. Lakini nyumba saba kati ya kumi na mbili hazina moshi. Anabisha ya kwanza.

"Kuna nini, Kanana?"

"Nimeona hamna moshi."

"Tunapikia gesi tangu Desemba!"

Ya pili pia ni gesi. Ya tatu, mama anatoka na macho mekundu. Mgonjwa wake hajalala siku mbili. "Leo sitanyunyiza. Utanipa siku ingine?" Lenah anafungua daftari, anashika kalamu, haandiki. Huu si msiba. Ama ni msiba?

"Profesa! Ndizi zinakufa ukitembea!"

Nyumba ya mwisho ni ya Marcella. Moshi unatoka jikoni, mwingi. Lenah anabisha hata hivyo.

"Si umeona moshi?" Marcella anauliza.

"Nimeona."

"Sasa?"

"Nimekuja tu kukusalimia, Mama."

"Haya, umenisalimia. Nenda ufungue, watu wanapiga kelele."

Anafungua saa moja kasoro dakika tano. Katika nakala ya mwisho ameongeza sentensi moja: mfungua maji atatembea laini yote kabla ya kufungua. Daktari Igoki aliisoma jana, akauliza itapimwaje.

"Naweza kuandika dakika ishirini na tano. Hizo zinapimika," Lenah anasema, akiifuta spana kwa kitenge. "Ijumaa nitaipeleka hivyo. Nikipita, nataka kuhitimu Desemba na niombe kazi ofisi ya maji ya kaunti. Wakinirudishia, sijui. Lakini kesho ni laini ya nne, na nitaanza kutembea mapema."