Ushahidi wa Mama Mbele ya Mtu wa Bima

Nilikuwa nimesimama. Hilo nataka lieleweke kabla sijasema mengine. Mkokoteni uliojaa viazi ulikuwa unakatiza barabara karibu na Shauri Moyo, nami nikakanyaga breki kuupisha, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Pikipiki ya boda iliyokuwa nyuma ikanigonga. Taa ya nyuma ikapasuka, bampa likabonyea, mwendeshaji akaanguka na kuchubuka goti. Basi. Ajali ndogo kabisa, na anayemgonga mwenzake kwa nyuma ndiye mwenye makosa. Hata anayejifunza kuendesha analijua hilo.

Lakini Mama alikuwa kiti cha nyuma. Nilikuwa namtoa kliniki. Magoti yake yamegoma siku nyingi, na kumteremsha garini ni shughuli nzima. Kabla sijafungua mlango, wanabodaboda wengine walikuwa wameshatuzingira. Mmoja akapitisha mkono dirishani akachomoa ufunguo.

"Madam, unabreki aje hivyo? Umeangusha mtu wetu!"

"Ni yeye amenigonga," nikasema.

"Ati nini? Hii gari haitoki hapa. Oya, leteni petroli!"

Sijui kama petroli ilikuwepo. Hofu haikupi nafasi ya kuchunguza. Nilimwona Mama kwenye kioo, amekumbatia mkoba wake, mlango wake umezibwa na wanaume, mmoja wao amemwinamia dirishani. 

"Ni mimi!" nikapaza sauti. "Makosa ni yangu. Nisameheni, jamani."

Mmoja alikuwa ananirekodi kwa simu. Akanitaka nirudie, nikarudia. Hapo nikarudishiwa ufunguo, tukampeleka majeruhi wao zahanati, na njia nzima wale wale waliotaka kunichoma wakawa wananiita siz, dada yao.

Mtu wa bima alikuja nyumbani wiki iliyofuata. Video alikuwa ameshaiona. Alinieleza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha zaidi, kwamba mteja haruhusiwi kukubali makosa barabarani bila kampuni kujua. Nikishakubali, wanaweza kukataa kulipa, na madai yote ya yule mwendeshaji yaniangukie mimi. Na madai yalikuwepo. Goti lililochubuka sasa lilikuwa limevunjika, na wakili alikuwa ameshapatikana. Gari lenyewe lilikuwa la mkopo wa sacco. Nilijiona nikiuza hadi makochi.

"Kuna njia moja," akasema. "Aliyekuwa nawe garini aseme ulikuwa umesimama, na kwamba ulikiri kwa kutishwa."

Nilikaribia kucheka. Shahidi wangu alikuwa ameketi pale pale! Mama alituchapa utotoni kwa uongo wa kijiko kimoja cha sukari. Mama hurudi dukani na magoti yake hayo kurudisha chenji iliyozidi.

Hakukubali kuulizwa kitu kabla mgeni hajanywa chai, wala kabla ya maombi. Mtu wa bima akafumba macho, kikombe mkononi. Mama akaomba kirefu, akimsihi Mungu ailinde nyumba hii na mjukuu wake, mtoto wangu, anayekwenda shule peke yake. Nikaitikia amina upesi, maana nilitaka tufike kwenye jambo letu.

"Haya, Mama. Gari lilikuwa limesimama, au lilikuwa linatembea?" akauliza mtu wa bima.

Mama akageukia dirisha. Pale chini, nje ya geti, kuna steji ya boda. Wawili kati ya waliotuzingira siku ile huegesha hapo. Nilikuwa nimewatambua, nikanyamaza, nikidhani nimeyajua hayo peke yangu.

"Lilirudi nyuma," akasema. "Ni binti yangu aliyemgonga."

"Mama!"

"Andika hivyo," akamwambia mgeni.

Aliandika. Mama akatia sahihi pole pole, kama anavyotia sahihi kwenye bahasha za sadaka, na mgeni akaaga bila kunitazama.

Nilimfuata Mama jikoni nikamfokea. Sikuwa nimewahi kumfokea mama yangu maishani, na kwetu hilo halifanywi, lakini nilifoka.

"Umenimaliza, Mama! Kwa nini?"

Alikuwa anaosha vikombe.

"Yule aliyeinama dirishani," akasema, "alinisalimia vizuri. Akaniita shosho, kama bibi yake, akaniuliza, 'Nyinyi hukaa wapi?' Kwetu mtu akikuuliza unakotoka, unamwambia. Nikamwelekeza, mwanangu. Nikamwambia hadi shule ya mtoto."