Nilivyokwenda Kushuhudia Temeke

Ujumbe ulitufikia kwa mdomo. Dereva wa lori aliyekuwa akitokea Tanganyika alisimama kwetu Taita, akamwambia baba kwamba kanisa la Temeke, lile tulilofunga nalo undugu, linatungoja kwa hamu. Asikose kuja na mwanawe aliyeko chuo kikuu, akasema, maana wanamtaka ashuhudie.

Baba alikuwa mchungaji. Tangu uamsho ulipopita milimani kwetu, neno hilo lilikuwa na maana moja tu: unasimama mbele ya watu, unaeleza dhambi zako, siku uliyookoka, na furaha uliyonayo sasa. Mama alipiga kigelegele. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka Kampala na kichwa kilichojaa maswali, na siku ya kuokoka sikuwa nayo hata moja.

Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitasimama mbele ya watu nikasema nisiloliamini. Lakini kukataa mbele ya wenyeji wetu, katika nchi ya watu, kungemvunja baba. Alikuwa ameuza mbuzi ili nikasome, na tangu niende chuoni tulikuwa tukizungumza habari za mvua tu.

Aliiita safari ile "kwenda ng'ambo".

"Ng'ambo ya nini?" nilimwuliza ndani ya treni. "Shilingi ni hiihii, na Malkia ni huyuhuyu."

"Wewe huwezi kupanda treni tu kama watu wengine?" alisema, akageukia dirishani.

Tulishuka Korogwe, tukapanda basi, tukafika Dar es Salaam tumebadilika rangi kwa vumbi. Aliyekuja kutupokea alikuwa kijana wa kwetu, tuliyekaa naye dawati moja shuleni kabla hajaacha masomo na kwenda kutafuta kazi. Sasa alikuwa mpagazi bandarini. Aliushika mkono wangu kwa mikono yote miwili.

"Umekuja! Basi nimepona. Kesho usiniangushe, ndugu yangu."

Nilishangaa wokovu wangu ulimhusu nini yeye, lakini alikwishajitwika sanduku la baba kichwani na kutangulia.

Temeke tulifikia kwa mzee wa kanisa, mnyapara wa bandarini mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti, na uani jirani zake Waislamu walikuwa wameleta mikeka yao kwa ajili yetu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku akinichunguza kana kwamba mimi ni gunia lililofika likiwa limefunguka.

"Huyu ndiye msomi wenyewe?" alimwuliza baba.

"Ndiye."

"Mwembamba." Kisha akanigeukia. "Kesho, mwanangu, useme unachokijua tu. Usiongeze, usipunguze. Kuna watu hapa roho zao ziko juu."

Samaki wa nazi aliyepakuliwa jioni ile alikuwa mtamu, nasikia. Mimi nilimeza bila kuonja. Nikilala ubavu huu naona uso wa baba. Nikigeuka naona wangu. Hadi kunakucha nilikuwa nimekata shauri. Sitadanganya. Nitasema kwa heshima kwamba sina hakika, kisha nirudi kukaa, na baba anifanye atakavyo.

Kanisa lao lilikuwa na kuta za kufika kiunoni tu, kwa hiyo hata waliokuwa wakipita njiani walisikia ibada. Hawakuwa na mchungaji wa kukaa nao, na mnyapara wetu ndiye aliyeongoza. Baba alihubiri. Baada ya wimbo, mnyapara akakohoa.

"Sasa kijana wetu kutoka Taita aje mbele atushuhudie."

Nilikwenda. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vimekamata ukingo wa benchi.

"Ndugu zangu," nilianza, "kusema kweli, mimi sina hakika—"

"Hana hakika!" Mwanamke mmoja upande wa akina mama aliruka juu. "Si niliwaambia mie? Mkaniona mchawi! Huyo ana mke huko milimani, na watoto juu!"

Kanisa zima lilivurugika. Yule rafiki yangu mpagazi alikuwa amesimama, mikono kichwani. "Ndugu yangu!" alinililia. "Nimekukosea nini?"

Nilimtazama mnyapara. Pengine nilikuwa na sura ya mtu aliyepotea, maana alinijia karibu na kushusha sauti yake kwa mara ya kwanza.

"Wewe umeambiwa unakuja kushuhudia nini?"

"Habari za... wokovu wangu."

Alinikodolea macho, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. "Wokovu wako ni mambo yako na Mungu wako! Huyu mpagazi anataka kumwoa binti yangu. Ndoa tumekwishaitangaza Jumapili mbili, leo ni ya tatu. Dada yangu pale amesikia kwamba kaacha mke kwao. Nikasema simtoi mwanangu mpaka aje mtu wa huko aliyesoma na huyu kijana, anishuhudie. Nyie mmeelewa nini?"

Watu wa mbele walisikia, wakawapasha wa nyuma, na kicheko kikatembea kanisa zima hadi barabarani.

"Haya," alisema mnyapara. "Ana mke?"

"Nilikuwa kwa mama yake majuzi, kabla hatujaondoka," nilisema. "Anaishi peke yake. Alinilalamikia kwamba wenzake wote wana wajukuu, yeye mwanawe anabeba magunia tu. Mke sikumwona, wala sijapata kusikia mtu wa kwetu akimtaja. Lakini mimi niko masomoni muda mwingi, na ya Dar es Salaam siyajui."

"Ya Dar es Salaam nayajua mie," alisema mnyapara. "Dada, umetosheka?"

"Huyu kakiri hata asiyoyajua," alijibu yule shangazi wa binti, akijifunga upya kanga. "Mwongo angeyajua yote. Nimetosheka. Lakini mahari iko palepale."

Rafiki yangu alinikumbatia hadi nikakosa pumzi. Bibi harusi, ambaye hadi hapo sikumjua ni yupi, alikuwa amejifunika uso kwa leso akilia na kucheka pamoja.

Mchana, wali ulipokuwa ukipakuliwa uani, baba alinivuta pembeni, karibu na mtungi wa maji. Nilijua linakuja.

"Pale ulipoanza," alisema, "ulikuwa unataka kusema huna hakika na nini?"

Hakungoja jibu.

"Njia nzima nilikuwa naomba," alisema. "Tangu Voi. Naomba usije ukasimama ukasema uongo ili kunifurahisha mimi. Halafu naomba usije ukasema kweli." Alianza kucheka, kwanza kwa pua, kisha mwili mzima, mpaka ikabidi ashike mtungi. "Sikujua hata niombe lipi!"

Nilicheka naye. Shangazi akatupigia kelele kwamba watu wa bara wanangoja nini, chakula kinapoa. Tulikwenda tukakaa mkeka mmoja, na samaki wa siku ile nilimwonja.