Sikuomba Mgongo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani hadi leo, na juzi nilipoona matofali yamerundikwa katikati ya njia ya kushukia ziwani, siku hiyo ikanirudia nzima nzima. Najua matofali ni yenu ninyi vijana. Najua mnataka kujenga kibanda cha kuuzia mafuta na sabuni, na biashara si dhambi. Lakini kaa kwanza. Mzee akikuambia kaa, si lazima awe anataka kukugombeza. Pengine magoti yake yamechoka na anatafuta wa kukaa naye.

Njia ile ina mwenyewe. Anaitwa Etoka. Nasema anaitwa, sisemi aliitwa. Unisamehe, ulimi wangu umekataa kuzoea.

Tulizaliwa msimu mmoja katika kijiji hiki hiki, hapa kati ya Nundu na Baraka. Polio ilimchukua miguu kabla hajajua kuitumia, naye akajifunza kutembea kwa mikono, amevaa kandambili viganjani. Pa, pa, pa! Ulimsikia kabla hujamwona. Kazi yake ilikuwa kushona nyavu za wavuvi pale ufukweni, na mdomo wake, Mungu wangu! Ukipita na shati jipya anakuuliza umeliazima kwa nani. Wasichana walikaa karibu naye kutwa nzima wakicheka, na mimi niliyekuwa hodari wa mpira, mapaja kama mchi, nikabaki kushika mpira wangu. Nilimwonea wivu. Leo ningetoa chochote nilicho nacho nimsikie akinitukana mara moja tu.

Vita ya kwanza ilipotufikia, risasi zililia asubuhi upande wa barabara ya Uvira. Tukakimbilia milimani. Kila mtu alibeba alichoweza: masufuria, magodoro, mbuzi. Etoka hakubebwa na mtu. Kaka zake, kila mmoja alidhani mwenzake amembeba. Mama yake, Mama Riziki, aligundua tukiwa tumeshapanda juu sana; akataka kurudi, wakamshika mikono. Kile kilio sitakieleza. Kuna vitu mtu anasikia, basi vinakaa naye.

Tuliporudi kijijini tulijua tunarudi kuzika. Tukamkuta ufukweni anashona nyavu. Alikuwa amejiburuta hadi kwenye shamba la mihogo, akala mihogo mibichi na kunywa maji ya mvua, amekonda hadi mbavu zinaonekana. Hakuinua kichwa.

"Mumerudi?" akasema. "Nyavu zenu ziko tayari."

Mama yake akamwangukia shingoni. Sisi wengine tulisimama kama miti. Etoka akamtazama kaka yake mkubwa, aliyekuwa na mbuzi wake kwenye kamba.

"Ile mbuzi ilifika kule juu?"

"Ee, ilifika."

"Ilitembea?"

"Apana. Ilikuwa inasumbua, tuliibeba."

"Mbuzi iko na magulu ine, mukaibeba," Etoka akasema, akiitazama miguu minne ya mbuzi, na akacheka peke yake.

Mwanangu, kuna kicheko kinachouma kuliko fimbo. Kaka yake aliachia ile kamba, na mbuzi akaenda zake kwenye majani ya watu.

Haikupita muda mrefu, wanaume wakaitana katika lubunga kupanga namna ya kukimbia kama vita ingerudi, maana kila mtu alijua itarudi. Ninyi mnaijua lubunga kwa jina tu. Ilikuwa nyumba isiyo na kuta, katikati ya kijiji, ambako wanaume walikaa kuzunguka moto, wakala pamoja chakula kilichotoka kila jiko, na wakaamua mashauri. Akina mama hawakuingia, ingawa walisikia yote kutoka jikoni kwao, na walikuwa na haki ya kununa. Sheria yetu ya lubunga ilikuwa moja: anayesema husimama, ili aonekane na wote na mikono yake ionekane mitupu. Basi Etoka alikula pale tangu ujana wake, lakini neno lake hakuna aliyewahi kulisikia pale ndani. Kaka yake alimsemea.

Siku hiyo watu walisema mengi. Nani atabeba kengele ya kanisa. Nani ataficha mashine za mitumbwi. Etoka akainua mkono wenye kandambili. Kaka yake akasimama upesi.

"Bazee, nitamusemea mudogo wangu."

"Kaka," Etoka akamkatiza, "siku ile ulikimbia pa nafasi yangu? Basi usiseme pa nafasi yangu."

Lubunga ikachafuka. Wengine wakapiga kelele kwamba anayetaka kusema asimame, sheria ni sheria, haijavunjwa tangu mababu. Na mimi, kijana wa mapaja, nikaona hapa ndipo pa kuonyesha wema wangu. Nikaruka, nikamshika makwapani, nikamtwika mgongoni, nikasimama naye mbele ya wazee wote kama mtu aliyeshinda kombe.

"Nishushe!" akanipigia kelele sikioni. "We, nishushe! Nani amekuambia nataka kubebwa? Mi sikuomba mugongo. Naomba masikio."

Nikamshusha. Uso uliniwaka moto. Mkubwa wa lubunga alikuwa Mzee Wilondja, mtu wa maneno machache, ambaye akikohoa tu watoto wanaacha kulia. Akanitazama mimi, si Etoka.

"Kijana, nguvu yako ni muzuri," akasema. "Lakini umemuinua mutu bila kumuuliza. Na tangu umuinue, nani hapa amemutazama yeye? Sisi wote tulikutazama weye."

Mzee Wilondja akaondoka kwenye kiti chake, kile cha mkubwa ambacho hakuna mwingine aliyekikalia, akakisukuma kando kwa mguu, akakaa chini, kwenye vumbi, karibu na majivu.

"Bazee ba zamani walisema, aliye juu mungoje chini," akasema. "Huyu ametungoja chini tangu utoto wake. Leo tushuke."

Ee, ungeona! Mmoja mmoja, wazee wakaanza kushuka, magoti yakilia. Mwalimu wa kanisa alikuwa amevaa suruali nyeupe ya Jumapili, akazunguka kutafuta jani la mgomba, akakosa, akakaa hivyo hivyo. Tulipokuwa chini sote, ndipo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: macho ya Etoka yalikuwa sawa na macho yangu.

Naye akasema. Hakulia, hakuomba. Wakati ule njia ya kushuka ziwani ilikuwa ya mbuzi: mawe makali, mizizi, na korongo la maji ya mvua katikati. Mwenye miguu huruka, mwenye mikono hujichana.

"Siombe huruma, bazee. Naomba njia," akasema. "Mi si gunia ya muhogo, musinibebe. Mutengeneze njia, nitajikimbiza mi mwenyewe. Na mutumbwi mumoja ukae pale chini, uondoke wa kwanza na batu basiokuwa na mbio: Mama Mwasha asiyeona, bamama benye mimba, bazee. Na siku ya kupanga, niitwe. Mutu asipange safari yangu mi nikiwa inje."

Mwenye mtumbwi mkubwa, Amisi, akanung'unika: "Mutumbwi yangu ni ya samaki."

"Na samaki unavuaka na nyavu zilizoshonwa na nani?" Mzee Wilondja akamuuliza.

Kutoka jikoni tukasikia vigelegele. Nadhani alianza Mama Riziki. Amisi akainamisha kichwa, na shauri likaishia hapo.

Basi tukatengeneza. Wanaume walichimba, akina mama wakabeba mchanga kwa vikapu, korongo tukalijaza mawe na udongo. Msimamizi alikuwa Etoka. Kila kipande tulichomaliza alivua kandambili na kupita juu yake kwa viganja vitupu. "Hapa pangali na meno," anasema, nasi tunarudia. Alinirudisha mimi kuliko wote, na najua alifanya makusudi, mshenzi yule, kwa ajili ya siku ya mgongo. Tulicheka mpaka jembe likaniponyoka. Nimeishi miaka mingi, nimeoa, nimezaa, nimezika. Lakini mtu akiniuliza siku zangu tamu zilikuwa zipi, nitamwambia zile za vumbi na jembe. Watu wa vijiji vya jirani walipita wakatucheka. "Barabara ya mutu mumoja!" walisema. Tukawaacha wacheke.

Kisha ikaja vita ya pili. Baada ya yale mauaji ya Makobola, ambayo sitayasimulia kwa sababu sijapata mdomo wa kuyasimulia, hatukulala tena na nguo za kulalia. Asubuhi moja ya ukungu, risasi tena, karibu zaidi. Huoni mkono wako. Watoto wanalia, watu wanagongana. Halafu nikasikia: pa, pa, pa. Etoka alikuwa ameshaingia njiani. Hakuhitaji macho, njia ile viganja vyake viliijua. Alikuwa akiita, "Munifuate! Munifuate sauti!" Na kijiji kizima kikamfuata. Mama Mwasha kainama, kashika bega lake, wajawazito nyuma, wazee na fimbo zao, na sisi wenye miguu tukafuata nyuma kabisa. Hakuna aliyeanguka. Hakuna aliyeachwa. Barabara ya mtu mmoja ilitutosha sote.

Mtumbwi wa Amisi ukaondoka wa kwanza, kama ilivyopangwa. Nilisaidia kuusukuma, maji kifuani. Etoka alikuwa amekaa mbele na mama yake.

"Unakuja?" akaniuliza.

"Na ule unaofuata."

"Usichelewe, weye mwenye magulu!"

Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu. Ukungu ukawafunika. Ule uliofuata ulijaa, risasi zikafika ufukweni, nami nikakimbia kandokando ya ufukwe, kisha milimani. Miaka ya vita niliimaliza huko juu, nikila viazi vya watu.

Habari zake zilinifikia kwa vipande. Kwamba walivuka salama hadi Tanzania. Kwamba katika kambi alikusanya wasioona, wasiosikia, wasiotembea, akawaambia wasikubali kupangiwa wakiwa nje. Kwamba wakubwa wa kambi walipokuja kuzungumza nao wakiwa wamesimama, aliwaambia wakae chini kwanza, na wakakaa! Kwamba mabomba ya maji yalishushwa ili hata anayetambaa achote. Nilisikia haya nikacheka na kulia pamoja. Niliporudi kijijini, nikaanza kusafisha ile njia. Nyasi zilikuwa zimeimeza, mvua imerudisha korongo. Nikafyeka, nikajaza, nikapitisha viganja vyangu kutafuta meno. Nilijua atarudi, na nilijua atakagua.

Amani ikaja kidogo, watu wakarudi na mitumbwi. Kila mtumbwi uliotia nanga nilishuka kutazama. Siku moja akashuka Mama Riziki, amezeeka, peke yake. Sikumuuliza. Akanishika mkono, akaniambia Etoka aliugua homa, wakamzika kule kule kambini. Hata kaburi lake siwezi kwenda kuling'olea nyasi. Halafu akasema mwanawe aliniachia neno, alilolisema akiwa kitandani, akijua tayari kwamba hatapona.

"Umuulize, ile njia ingali safi?"

Mwanangu, hilo tu. Hakuuliza habari za nyumba yake wala za nyavu zake.

Basi kila baada ya masika nimeshuka na jembe. Mke wangu alinidhani nina wazimu kidogo, Mungu amrehemu. Mnaniona jioni nimekaa pale chini natazama ng'ambo, mnadhani nasubiri samaki. Nasikiliza. Maji yakipiga mchanga, yanapiga karibu kama kandambili, karibu tu.

Sasa nisikilize vizuri. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Mimi wa mapaja kama mchi, leo siwezi kusimama bila kushikwa. Na bado kwenye mkutano wa kijiji nasema, nimekaa, na wote wanakaa. Ninyi mnafikiri ni desturi ya mababu. Si ya mababu. Ni ya Etoka. Alinidai masikio akiwa kijana mwenye nguvu za ulimi tu, na haki aliyoidai kwa ajili yake imenifikia mimi uzeeni. Binti wa jirani yako, yule asiyesikia, mlipopanga kibanda chenu mlimuita? Yule kijana wa baiskeli ya mikono mlimuuliza atapita wapi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi muulize anayelala. Usimbebe mtu kabla hujamuuliza. Usimsemee mwenye mdomo. Ukitaka kumsikia, shuka, mpaka macho yenu yawe sawa. Na njia usiizibe, kwa sababu hujui ni miguu ya nani itakayoihitaji kesho. Huenda ni yako.

Mungu wa mababu zetu akulinde na mbio za vita. Akupe marafiki wenye mdomo. Ukizeeka, upate watu wa kukaa nawe chini.

Mimi siwezi tena kuinama, mwanangu. Na yule bado anauliza kama njia ingali safi. Nenda ukaondoe matofali, kisha rudi uniambie, ili nimjibu.