Nyuso za Mama Gisèle

Tulimcheka, sitaficha. Gisèle Ndayizeye alifika Kindu, huku kwetu Kongo, mwaka 1996 akikimbia vita vya kwao Burundi, mkononi ana shahada ya uchoraji, na chuo chetu kikuu kikampa kazi katika ofisi ya kuandikisha wanafunzi. Mchoraji, kupanga mafaili! Mimi Soudi, niliyekaa meza ya pili, nilimpa miezi mitatu.

Vita vikamfuata mpaka huku. Kuanzia 1998 treni haikuja, filamu za kamera zikaisha, wapiga picha wakafunga. Faili bila sura lilikuwa balaa: siku ya mtihani kila mvivu alimtuma rafiki mwenye akili akae mahali pake. Gisèle akachonga penseli. Kila mwanafunzi alikaa mbele yake robo saa, akachorwa ndani ya faili lake, kisha karatasi ikagongwa muhuri.

"Mama Gisèle, uniongezee mashavu kidogo," walimwomba, maana njaa ilikuwa imewakausha.

"Hapa si studio. Nachora kile niko naona."

Leo yeye ndiye mkuu wa ofisi, na mimi humwamkia kwa heshima zote. Mwezi uliopita alikuja Malaika, mwalimu wa mtaa wa Alunguli aliyesoma kwetu enzi zile za vita. Diploma yake iliungua pamoja na nyumba; asipopeleka nakala kufikia Jumatatu, anapoteza darasa lake. Katibu mpya wa chuo, Bwana Elie, ambaye bila sahihi yake nakala haitoki, na anayeamini kompyuta kuliko macho yake, alilitazama faili akalisukuma kando.

"Hii njo mchoro, mama, si picha. Na miaka zaidi ya makumi mbili imepita. Muntu yeyote anaweza kufanana naye."

Malaika akaanza kulia. Nilikasirika mpaka masikio yakaniwaka. Gisèle hata sauti hakupandisha.

"Malaika, siku ile ulikataa kuachilia mtandio. Ushike vile ulishika."

Malaika akaukusanya mtandio chini ya kidevu. Kidole chake cha mwisho kikabaki nje, kimepinda kama ndoano. Na kwenye karatasi, chini ya kidevu cha msichana wa miaka ishirini, mkono ni uleule, kidole ni kilekile.

Elie akatazama, akatazama tena, akatia sahihi.

Malaika hakuichukua nakala yake mara moja. Alikuwa ameuinamia mchoro, machozi bado mashavuni.

"Nilikuwa muzuri hivi?"

"Sikuongezaka kitu," Gisèle akasema.